Jabal Shams, wanawake 6: mwenzetu aliganda ukingoni mwa genge. Tumrudishe au tumwache?

FundiWaMchangani:

Asalaam aleikum jamani. Mimi fundi cherehani, mtu wa Unguja, hapa Maskati nina mwaka wa 4. Swali langu ni la wapanda majabali, hasa wanawake, na hasa waliowahi kuwa na mtu aliyeshikwa na woga mahali ambapo hapakaliki. Mnivumilie nieleze kwa urefu, maana nikiuliza kwa mkato nitajibiwa kwa mkato.

Tuko 6. Kuna Bi Mkubwa wetu, ana miaka 61, kaletwa huku mdogo na Kiswahili chake cha Malindi hajakiacha hata herufi. Kuna ndugu wawili wa Mombasa, wote wauguzi, wakipanga safari wanabeba dawa nyingi kuliko chakula. Kuna mwenye gari, gari la kuvuta magurudumu yote manne, na asiyemwamini anashuka. Kuna mimi. Na kuna shoga yangu wa Pemba, ambaye ndiye habari yenyewe.

Ijumaa iliyopita tulitoka Maskati saa 10 usiku. Ni kilomita kama 240 mpaka Al Khitaym, kule juu njia ya miguu inapoanzia. Nizwa tukasali alfajiri na kunywa chai ya maziwa, tukapita Al Hamra, tukapita Ghul, gari likaanza kuuzunguka mlima. Lami ikaisha ikaja changarawe. Bi Mkubwa anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti na kila kona anaikatiza kumwambia dereva, "Taratibu mwanangu." Sisi wa Maskati mwezi wa Januari tumezoea mchana wa nyuzi 24, 25. Kipimo cha gari kilipoonesha 5 tukasema kimeharibika. Tulipofungua mlango tukajua kizima.

Baridi ile mtu wa pwani huna maneno yake. Chapati nilizipika usiku, zikafungwa vizuri kwenye taulo, lakini tulipozifungua samli ilikuwa imeganda juu yake, nyeupe, unaikwangua kwa ukucha kama nta ya mshumaa. Mmoja alikuja na kobazi. Simtaji, ila ni muuguzi.

Njia yenyewe, kwa wasioijua, ni ile ya nambari W6, inayoitwa ya roshani. Inapita ubavuni mwa korongo mpaka kijiji kilichohamwa, As Sab. Kwenda na kurudi watu huchukua saa 3 mpaka 4. Haina mpando wa kumwua mtu, imelala, na kila baada ya hatua kadhaa jiwe limepakwa mistari ya njano, nyeupe na nyekundu, hata mtoto wa skuli hapotei. Ila upande mmoja pana ukuta wa jiwe, na upande wa pili hapana kitu. Hapana ua, hapana kamba. Korongo lina kina cha karibu kilomita nzima, na miti ya chini unaiona kama vipande vya uzi wa kijani vilivyomwagika sakafuni kwangu.

Njia ni pana. Nasisitiza, ni pana, sehemu kubwa watu wawili wanapishana bila kuombana radhi. Kosa lilikuwa langu. Mimi, ninayewapimia watu upindo kwa sentimita, nilivaa abaya yangu ya kila siku, ndefu mpaka chini, nikaukanyaga upindo wangu mwenyewe. Sikuanguka. Nilipiga goti tu, tena upande wa ukutani. Lakini shoga yangu wa Pemba alikuwa nyuma yangu, na aliona.

Sasa huyu ni mtu wa Wete. Kila tukikutana anatusimulia alivyokuwa akipanda mkarafuu mpaka kileleni, kaka zake wako chini wanambembeleza ashuke. Tukajua yeye ndiye atakayetubeba sisi. Alipoona goti langu limegusa jiwe, alikaa chini. Hakupiga kelele, hakulia. Mgongo ukutani, mikono miwili imekamata nyasi kavu ambazo hata mbuzi angezing'oa, akasema, "Mimi mbele siendi na nyuma sirudi." Kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

Ndipo wakaja mbuzi. Kundi zima, kutoka mbele, na nyuma yao mama mmoja wa kule kule, ndara za plastiki miguuni. Akatusalimu, akatutazama sita tulivyobanana ukutani kama nguo kabatini, kisha akapita upande wa genge kama anayepita ukumbini kwake.

Dakika 40 tulikaa pale. Wauguzi walimpima mapigo, wakamnywesha maji ya sukari. Mwenye gari akamwambia, "Si kitu, usiangalie chini tu," na hapo ndipo mazungumzo mazuri yalipokwisha. Hatimaye alirudi kwa kusota. Kwa matako, jamani, mpaka njia ilipopanuka. Abaya yake ilichanika nyuma, nimeishona juzi, na wakati naishona ndiyo nimeona niandike hapa.

Tangu siku hiyo kundi letu la simu limepoa. Shoga yangu kaandika mara moja tu: "Nyie nendeni, mimi mnipigie picha." Wawili wanasema twende wetu, asiyeweza hawezi. Bi Mkubwa anasema tulitoka sita hatuendi watano. Mimi katikati. Kumrudisha pale ni kumsaidia au ni kumtesa? Na kama ni kumsaidia, inafanywaje hasa? Maana "jipe moyo" tulishamwambia, haukupeana. Na kuhusu mavazi: mnavaa nini juu kule, mkiwa mmejistiri na msikanyage pindo zenu?

---

BintiRuwi:

Waaleikum salaam fundi. Mimi nimezaliwa huku, nyumbani Kiswahili, skuli Kiarabu, mama yangu ni katika waliorudi miaka ya 70 baada ya Sultan Qaboos kushika nchi. Njia hiyo naijua, nimepeleka binamu zangu wa kila umri.

Nianze na rahisi. Ndani usivae pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho hailiachii, mkikaa kula upepo unakuja kuchukua haki yake na mtu anatetemeka meno. Sufu, au zile fulana za michezo zinazokauka upesi, kisha sweta, kisha kitu cha kuzuia upepo. Na sweta linavuliwa KABLA hujatoka jasho. Wenzangu wengi wanasubiri wachuruzike ndipo wavue, wamechelewa. Suruali chini, na abaya ikomee chini kidogo ya goti. Sitakufundisha kazi yako. Mwenye kobazi mwambieni atafute viatu vyenye meno, mawe ya kule yamesuguliwa na kwato na nyayo mpaka yanateleza bila maji.

Januari jua linazama kabla ya saa 12 jioni, na korongoni kivuli hakingoji jua lizame. Mkiingia saa 3 asubuhi mna wakati wa kutosha hata mkienda kama konokono. Adhuhuri isalini As Sab, kuna vitalu vya zamani vya mashamba, pamesawazishwa, na nyinyi ni wasafiri, mnakusanya na mnapunguza. Mvua ikitajwa, hata wingu lake tu, ahirisheni. Nambari ya dharura 9999 kila mmoja awe nayo, asiwe nayo dereva peke yake.

Sasa shoga yako. Naona mlikwenda kama watu wanaokwenda harusini, maongezi mbele, simu mkononi, kila mtu na mwendo wake. Mtu anayeogopa hawekwi katikati ya fujo. Mbele awepo Bi Mkubwa, kwa sababu mwendo wake ni wa taratibu na hakuna atakayethubutu kumharakisha. Huyu awe wa pili. Mkono wa upande wa ukuta uguse ukuta. Asishikwe mkono na mtu, maana mkishikana mmekuwa mtu mmoja mwenye miguu minne na kila mguu una akili yake. Asiwepo wa kugeuka nyuma ghafla kupiga picha. Mbuzi wakija, nyote ukutani na wao waacheni ukingo, ni wao wenye nyumba.

Na msimpeleke pale moja kwa moja. Anzeni jabali jingine, Jabal Akhdar, pale kijiji cha Al Aqr mpaka cha Ash Shurayjah, mnapita katikati ya vitalu vya mawaridi na mikomamanga, mnafuata falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba. Kuna mahali unaona bonde lote chini, lakini kuna ngazi, kuna kuta, kuna vijiji. Maua hamtayakuta, hayo ni ya kuanzia mwisho wa Machi, Aprili. Gari la kuvuta magurudumu manne ni lazima, pale chini Birkat al-Mawz, njia ya kupandia inapoanza, askari anakagua. Shams hakuna wa kukukagua, ndiyo maana utaona watu wanakuja na vigari vya kwenda sokoni.

---

Abu_Saba:

Wanawake 6 peke yenu, saa 10 za usiku, jabalini. Waume zenu wako wapi? Angekuwepo mwanamme mmoja hayo yasingetokea.

---

FundiWaMchangani:

Wako kazini, kaka yangu. Wa mwenye gari tulimwalika, akasema yeye hata ghorofa ya 3 anapanda akitazama ukuta. Tumemwachia watoto.

BintiRuwi, Mungu akuweke. Hilo la Bi Mkubwa mbele halikunipitia akilini, tulimweka mwisho kwa heshima, eti asichoke.

---

MtuWaMarangu:

Habari zenu kina dada. Oman sijafika. Mimi ni wa Marangu, nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka 6, baada ya hapo nikawa muongozaji. Nimesoma hili swali mara mbili kwa sababu ya ule mkarafuu.

Nyinyi mnashangaa mtu wa mikarafuu kuogopa njia pana. Mimi sishangai. Mkarafuuni una tawi. Ukihisi vibaya unashika, unakumbatia, mwili mzima una kazi ya kufanya. Kwenye ukingo miguu tu ndiyo inafanya kazi, mikono imekaa bure na macho yamekaa bure. Huyo dada nadhani hakuogopa urefu, aliogopa kukosa cha kushika. Ndiyo maana alishika nyasi. Mpeni fimbo. Si ya kuegemea, ni ya kuupa mkono kazi, na aishike mkono wa upande wa ukuta, si upande wa genge, maana huko ikiteleza inamvuta.

La pili, usimwambie mtu asiangalie chini. Ukishamwambia, ameshaangalia.

Niwape kisa. Njia ya Machame kuna mahali panaitwa Ukuta wa Barranco, siku ya 4 hivi, mnapanda kwa mikono na miguu kama mita 250. Si pagumu, lakini panatisha. Nilikuwa na mgeni, mwanaume wa miraba minne, mkulima huko kwao, akaganda katikati. Nyuma wabeba mizigo wamejaa na mabegi kichwani wanasubiri. Nilijaribu yote ya kitabuni, ikashindikana. Mwisho, kwa kukosa la kusema, nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akasema 40. Nikamwambia haiwezekani, huwezi kuwajua wote. Akakasirika. Akaanza kunitajia mmoja mmoja kwa jina na tabia zake, huyu anapiga teke, huyu amezaa mapacha, na mimi napanda hatua moja, naye anapanda hatua moja anifuate ili nisikie. Alipofika ng'ombe wa 14 tulikuwa tumeshapita.

Kwa hiyo mtafutieni ng'ombe wake. Lakini asijue mnamtafutia. Na kiwe kitu anachokijua kuliko nyinyi, mumkosee makusudi ili awarekebishe.

Kuhusu mwinuko msisumbuke. Hapo mlipo ni kama mita 2,000, geti letu la Marangu lenyewe liko karibu mita 1,900, na watoto wa shule wanapanda mpaka kambi ya Mandara, mita 2,700 na kitu, wanakula mayai yao ya kuchemsha na kurudi jioni. Julai, ukungu na baridi, wanacheza tu. Kwa hiyo wale dada wauguzi wapunguze dawa waongeze chakula.

Jambo moja zaidi. Kurudi ni kugumu kuliko kwenda, hasa panaposhuka, kwa sababu macho yanatazama nje. Mkifika mahali mkaona amebakiza nguvu ya kwenda tu, hapo ndipo pa kugeuka, hata kama kijiji mnakiona. Sisi tunasema pole pole, wageni wanadhani ni salamu.

---

SharqiyaMoja:

Sina ushauri, niko Sur. Ila mkienda tena mna nafasi ya mtu wa 7? Nina viatu.

---

FundiWaMchangani:

Nimerudi, na samahani kwa ukimya, kazi za harusi zilinielemea. Tumekwenda Ijumaa ya pili ya Februari. SharqiyaMoja, gari lilijaa, nitakuambia kwa nini.

Kwanza nguo. Sikukata abaya hata moja. Nilikunja kila upindo ndani sentimita 28 na kupachika vishikizo vya kubana pande zote. Ukivibana abaya inapanda chini ya goti, ukivifungua Nizwa inashuka, hakuna anayejua ulikuwa wapi. Suruali chini yake, soksi za sufu. Mwenye kobazi kanunua viatu, na tangu anunue haachi kuviinua tuvione meno.

Tulianza Jabal Akhdar mwisho wa Januari kama alivyosema BintiRuwi. Mawaridi vijiti vitupu, falaji ina maji baridi ya kuuma vidole. Shoga yangu alitembea vizuri, ingawa kila penye ngazi alizihesabu. Sikumwambia neno la Shams. Aliposema yeye mwenyewe ndani ya gari, "Haya, na lile jabali lenu?" nilijitia kutafuta simu mkobani.

Siku ya Shams tulisimama Al Hamra kutia petroli. Mzee mmoja, kanzu na bakora, akatusikia tukibishana, akatuuliza kwa Kiswahili safi kabisa, "Mnakwenda wapi na baridi hii, watoto wa Unguja?" Alikuwa na duka Wete, akaondoka 1964. Mpemba wangu akaruka. Wakaanza: mtaa gani, msikiti gani, nani kafa. Mzee akamuuliza kama karafuu bado zinaanikwa pembezoni mwa barabara. Tukachelewa robo saa, na Bi Mkubwa akanitazama, nami nikamwelewa. Ng'ombe tumempata.

Ukingoni: Bi Mkubwa mbele, Mpemba wa pili, mimi wa tatu. Fimbo hatukuwa nayo, mwenye gari alichomoa mpini wa fagio nyumbani kwake, mpini mwekundu wa plastiki, tukaonekana tunakwenda kufagia korongo. Tulipokaribia pale alipokaa siku ile nilimwona mabega yanapanda. Nikasema kwa nyuma, kama najisemea, kwamba mimi nijuavyo karafuu zikichumwa zinaanikwa na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika, ndiyo yanaleta harufu.

Jamani. Alisimama. Nikadhani nimeharibu. Akasema, bila kugeuka, "Nani kakwambia?" Akaanza kutembea na kunifundisha kwa hasira: zinachambuliwa kwanza, usiku huo huo, nyumba nzima mnakaa, makonyo mbali, karafuu mbali, halafu majamvini, siku kadhaa za jua, mvua ikinyemelea mnakimbilia majamvi kabla hata ya kukimbilia mtoto. Mimi najitia sielewi. Jamvi la nini? Kwa nini lisiwe turubai? Bi Mkubwa naye akachangia ujinga wake. Tulipita mahali pale nami nikapaona kwa pembeni, zile nyasi zake bado zipo.

Tukaenda hivyo mpaka kona ya mbele, pale njia inapokuwa pana kama baraza. Hapo akasema, "Hapa pananitosha." Wala hakuwa anatetemeka. MtuWaMarangu, nilikukumbuka, nikafunga mdomo. Bi Mkubwa akasema na yeye magoti yake yamefika, akatoa chupa ya kahawa na haluwa, wakakaa wawili, migongo ukutani. Sisi wanne tukaendelea.

As Sab nyumba za mawe zimeingia chini ya mwamba, mwamba wenyewe ndio dari. Milango mifupi, hata mimi niliinama. Dari jeusi kwa moshi. Nilitia kidole, nikanusa, sikusikia kitu. Watu waliishi pale, wakalima vile vitalu juu ya genge, na mimi nyumba yangu ya ghorofa ya 2 ina vyuma madirishani kwa sababu ya mtoto. Tulisali, tukala. Lakini nisiwe mwongo, muda mwingi akili yangu ilikuwa kwenye ile kona.

Tuliporudi tukawakuta watatu. Yule mama wa mbuzi, ndara zile zile, amekaa nao anakunywa kahawa yetu, na shoga yangu wa Pemba yumo kwenye mapatano. Kiarabu chake ni cha dukani, namba na "ghali", lakini alikuwa kashika vidole vya yule mama anavihesabu. Walikubaliana wakutane kule juu gari lilipo. Njia ya kurudi alitembea yeye mbele, nyuma ya yule mama, wanazozana bei njia nzima, na mpini wa fagio kausahau kwenye kona. Ikabidi niufuate mimi.

Basi ndiyo hivyo gari likajaa. Kanunua zulia la sufu, jekundu na jeusi, refu kuliko chumba chake. Tumerudi Maskati tumelikalia, mengine miguuni, madirisha wazi na baridi ile, kwa sababu linanuka mbuzi hasa, mbuzi hai. Sasa liko kwangu, eti mimi fundi najua vitambaa. Sufu ya namna hii sijawahi kuishika. Nani anajua linafuliwa vipi?

---

BintiRuwi:

Usilitie majini! Litajikunja na rangi zitaingiliana, kisha utakuwa na mbuzi aliyelowa. Lianike kivulini penye upepo siku 2 au 3, upande wa nyuma juu, na ulipige asubuhi na jioni. Ule mpini wa fagio unafaa.